Dizeli inavuja kwenye gari la zamani: tutafute chanzo kabla ya kukaza nati

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nimefungua uzi huu ili tujadili kwa kina uvujaji wa dizeli kwenye magari ya zamani, nikianzia na gari langu mwenyewe, kwa sababu majibu niliyopata kwa mafundi wawili hayaendani. Mmoja alitaka kukaza kila nati iliyo kwenye mkondo wa mafuta, na mwingine alishauri pampu nzima ibadilishwe, lakini hakuna hata mmoja aliyenionyesha tone linatokea wapi.

Gari ni pikapu ya zamani yenye injini ya silinda 4 isiyo na tabo. Pampu ya nozeli ni ya mzunguko, ya aina ya VE, inaendeshwa kwa mkanda wa taimingi, na nozeli zake ni za kimekanika. Hakuna kompyuta inayohusika na mafuta hata kidogo. Ubavu wa injini ulio chini ya pampu umelowa wakati wote, na tone hukusanyika kwenye bolti ya chini ya stata kabla ya kudondoka. Harufu ya dizeli huingia ndani ya gari, hasa linaposimama baada ya safari. Asubuhi injini huzungushwa na stata kwa muda mrefu kabla ya kuwaka, kisha hutetemeka kidogo na kutoa moshi mweupe, na baada ya hapo hutulia na kwenda vizuri siku nzima.

Ninaomba kufahamishwa mambo mawili. Je, ugumu wa kuwaka asubuhi una uhusiano na uvujaji huu, au ni matatizo mawili tofauti? Na nitatambuaje mahali dizeli inapotokea ilhali kila kitu kuanzia pampu hadi stata kimelowa?

#2 – Fundi wa dizeli

Mkuu, umefanya vizuri kutofungua kitu chochote kabla ya kuuliza. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloongoza kazi yote: kuna uwezekano mkubwa kwamba hayo ni tatizo moja lenye sura mbili.

Kwenye gari kama lako, pampu ya VE hujinyonyea dizeli yenyewe kutoka kwenye tangi kupitia chujio. Hii maana yake ni kwamba mabomba yote kuanzia tangi hadi mlango wa pampu huwa katika hali ya kunyonya injini inapofanya kazi. Ufa ulio upande huo hautoi dizeli nje. Unaingiza hewa ndani, na unaweza kuwa mkavu kabisa kwa macho. Usiku, gari likiwa limezimwa, hewa hiyo hupanda juu na dizeli iliyo kwenye bomba hurudi polepole kwenye tangi, kwa hiyo asubuhi pampu inalazimika kuvuta upya safu nzima ya mafuta. Ndani ya pampu hali ni kinyume, kwa sababu pampu ndogo ya mapezi iliyomo ndani yake hujenga msukumo wa takriban bar 3 injini ikiwa imelegea, yaani inazunguka taratibu bila pedali kukanyagwa, na msukumo huo hupanda hadi kama bar 8 injini inapokwenda kasi. Sili iliyochoka kwenye mwili wa pampu hutoa dizeli nje injini inapowaka, kisha sili hiyo hiyo huruhusu hewa kuingia injini inapozimwa. Ndiyo maana gari linalovuja mchana ndilo mara nyingi linalosumbua asubuhi.

Upande wa tatu ni wa mabomba ya chuma yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Nozeli za kimekanika za zamani nyingi hufunguka kati ya bar 120 na 250, na kilele cha msukumo ndani ya bomba huwa juu zaidi ya hapo. Naomba niweke msisitizo hapa kwa kila atakayesoma: usipitishe mkono wala kidole kando ya mabomba hayo injini ikiwa inawaka. Dizeli inayotoka kwenye tundu dogo kwa msukumo wa aina hiyo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake huonekana dogo mno saa za kwanza ilhali ndani nyama inaharibika. Mtu aliyepigwa na dizeli namna hiyo anapaswa kupelekwa hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu, na amweleze daktari waziwazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa msukumo. Ukihitaji kuchunguza mabomba hayo, tumia kipande cha kadibodi kilichoshikwa kwa mbali na uvae miwani ya kazi.

Kuhusu kutafuta chanzo, kanuni ni kwamba dizeli hushuka, na gari linapotembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo mahali tone linapodondoka hapakuelezi karibu chochote. Unachokitafuta ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Osha ubavu wote wa injini kwa sabuni ya kuondoa grisi, huku ukifunika stata, altaneta na mlango wa hewa, kisha ukaushe kabisa. Baada ya hapo nyunyiza poda nyeupe kavu, hata poda ya watoto inatosha, kwenye viungio vyote vya pampu, kwenye nozeli na mipira ya kurudishia dizeli, na kuzunguka kichwa cha chujio. Washa injini, iache ilegee dakika kadhaa, kisha izime na utazame kwa tochi. Poda iliyolowa hubadilika rangi mara moja, na mstari wake utakuongoza juu hadi mahali penyewe. Rudia baada ya gari kulala usiku kucha, kwa sababu baadhi ya sili huvuja zikiwa baridi na hujifunga zikipata joto.

Ili kuona hewa, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, unaostahimili dizeli, kati ya chujio na mlango wa pampu, na kingine kwenye mstari wa kurudi, yaani bomba linalorudisha dizeli iliyozidi kwenye tangi. Mapovu yakionekana kwenye mlango wa pampu, kasoro iko nyuma yake, yaani kwenye chujio, pampu ya mkono, mabomba au tangi. Mapovu yakionekana kwenye mstari wa kurudi pekee, hewa inaingia kwenye pampu yenyewe au kwenye mipira ya nozeli. Kuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi: chukua kidumu safi chenye dizeli safi, kiweke juu kuliko pampu, mbali na sehemu za moto na kikiwa kimefungwa imara, na uunganishe mlango wa pampu na mstari wa kurudi moja kwa moja kwenye kidumu hicho. Gari likilala hivyo na kuwaka asubuhi bila shida huku pampu ikibaki kavu, pampu haina lawama kwa upande wa hewa. Na kwa kuwa dizeli sasa inashuka yenyewe kwa uzito wake, sili ya pampu iliyokuwa ikiingiza hewa itaanza kulowa nje na kujionyesha.

#3 – Mchangiaji

Ninashukuru kwa maelezo hayo. Nina swali la jumla. Gari langu lilikaa miaka mingi bila kuvuja hata tone, kisha ndani ya kipindi kifupi likaanza kuvuja sehemu kadhaa kwa pamoja. Je, ni uzee tu, au dizeli yenyewe imebadilika?

#4 – Fundi wa pampu

Ni vyote viwili, na ninafurahi kwamba swali hili limeulizwa kwa sababu wengi hubadilisha mpira mmoja na kuurudishia wa aina ile ile iliyoshindwa.

Pampu za zamani zilifungwa kwa oringi na sili za mpira wa naitraili. Mpira huu unapokaa ndani ya dizeli hufyonza sehemu ya kemikali zilizomo, hasa zile za kundi la aromatiki, na huvimba kidogo. Uvimbe huo ndio uliosaidia kuziba hata pale mpira ulipoanza kuwa mgumu. Viwanda vya kusafishia mafuta vilipoanza kupunguza salfa, njia waliyotumia ilipunguza pia kemikali hizo. Barani Ulaya kiwango cha juu cha salfa kwenye dizeli ya magari kilishushwa hadi sehemu 500 kwa milioni mwaka 1996, kisha 350 mwaka 2000, 50 mwaka 2005 na 10 mwaka 2009. Marekani ilifika 500 mwaka 1993 na ikaanza kuhamia 15 mwaka 2006. Mpira uliozoea dizeli ya zamani hunywea unapokutana na dizeli mpya, na kwa kuwa umekwisha kuwa mgumu, haurudi kujaza nafasi yake. Ndiyo sababu sili kadhaa huachia kwa wakati unaokaribiana: zote zina umri mmoja na zote zimekutana na badiliko lile lile.

Pamoja na hilo kuna dizeli yenye mchanganyiko wa mafuta ya mimea. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu hadi asilimia 7 ya mchanganyiko huo kwenye dizeli ya kawaida, na mpira wa asili pamoja na naitraili ya zamani haviuvumilii kwa muda mrefu. Kwa hiyo unaponunua oringi na sili, omba zile za mpira wa fluoro, unaofahamika zaidi kwa jina la kibiashara la Viton, ikiwa zinapatikana kwa pampu yako. Kwa mipira ya mkondo wa dizeli, soma maandishi yaliyo ubavuni: mpira wa kiwango cha SAE J30 R9 una utando wa ndani wa mpira wa fluoro, ilhali R6 ni wa kiwango cha chini zaidi. Jambo lisilofaa kabisa ni kutumia mpira wa rediyeta au mpira wowote wa EPDM, kwa kuwa mpira huo huvimba na kulainika ukikutana na dizeli hata kama ulionekana imara siku ya kufungwa.

#5 – Mchangiaji mwingine

Kwa heshima zote, naona mnaifanya kazi hii kuwa ngumu kuliko inavyostahili. Nimeona magari mengi yakipakwa silikoni ya gasketi kwenye kiungio kinachovuja, na nati zenye nyuzi zilizochoka zikizungushiwa tepu ya mabomba ya maji, na magari hayo yakaendelea na kazi. Tangi likitoboka, watu husugua kipande cha sabuni ya kufulia juu ya tundu na linaziba. Kwa mwenye gari la zamani, kwa nini asianze na njia hizo?

#6 – Fundi wa dizeli

Mkuu, nitajibu moja baada ya jingine, kwa kuwa umetaja mambo matatu yasiyolingana.

Sabuni kwenye tundu dogo la tangi ni kweli inafanya kazi, kwa sababu haiyeyuki haraka kwenye mafuta, na ninaikubali kama njia ya kulifikisha gari mahali pa kutengenezewa. Ninaomba tu mtu asiridhike nayo, na asithubutu kuruhusu tangi lichomelewe kwa sababu tu ni la dizeli. Mvuke uliobaki ndani ya tangi linaloonekana tupu unaweza kulipuka joto linapoingia, na tangi hilo linahitaji kuondolewa kwenye gari, kuoshwa na kusafishwa mvuke wote kabla ya moto kulikaribia.

Tepu ya mabomba ya maji ninaikataa moja kwa moja. Kiungio cha dizeli hakizibi kwenye nyuzi za nati; kinaziba pale uso wa chuma unapokutana na washa au koni inapokutana na kikombe chake. Tepu haifiki hapo, na vipande vyake hukatika na kusafiri na mafuta. Nafasi kati ya pistoni ya pampu na silinda yake ni ya mikroni chache tu, kwa hiyo kipande kidogo tu kikipita baada ya chujio kinatosha kuharibu kazi ya nozeli. Silikoni ya kawaida nayo hulainishwa na dizeli na kubanduka kama utando, upande wa nje na upande wa ndani pia. Kwenye mwili wa pampu hakuna mahali palipokusudiwa silikoni.

Kuhusu kukaza tu, ambako ndiko fundi wa kwanza alikotaka kuanzia, kuna wakati nati imelegea kwa kweli na kuikaza ni halali. Lakini nati ya bomba la nozeli inayovuja baada ya kukazwa kwa mkazo wake, ambao kwa magari mengi ni kati ya Nm 20 na 30, haiponi kwa kuongezewa nguvu. Koni yake imeharibika au ina uchafu, na nguvu ya ziada huipanua koni hiyo hadi tundu la bomba linabanwa na silinda moja inapata mafuta pungufu. Mabomba haya pia hayachomelewi wala hayaunganishwi kwa shaba. Bomba lenye ufa hubadilishwa na jipya lenye urefu ule ule na kipenyo kile kile cha ndani, na zile klipu zinazoyashikanisha hurudishwa zote. Nimeona mabomba mengi yaliyopasuka, na karibu kila mara klipu moja ilikuwa haipo. Mtetemo ndio uliolichosha bomba.

Nikuongezee hesabu kidogo ili tusiuchukulie uvujaji kama aibu ya sakafu tu. Tone moja ni takriban mililita 0.05. Gari linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza mililita 180 kwa saa, na zaidi ya lita 4 kwa saa 24. Dizeli haiwaki kirahisi kama petroli, kwani mvuke wake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi ili uweze kushika moto kutoka kwenye cheche, lakini ikinyunyizwa kama ukungu juu ya manifoldi ya moshi iliyopata moto, usalama huo unatoweka. Na dizeli iliyomwagika barabarani humwangusha mwendesha pikipiki anayekuja nyuma yako.

#7 – Mwanzisha uzi

Wakuu, nimefanya kama nilivyoelekezwa. Niliosha, nikakausha na kunyunyiza poda, na matokeo yamekuwa wazi kuliko nilivyotarajia.

Kwanza, mpira wa kurudishia dizeli kati ya nozeli ya 2 na ya 3 umelowesha poda kwenye ncha zote mbili, na kizibo cha mpira kilicho mwisho wa mstari, kwenye nozeli ya mwisho, kimepasuka. Pili, kwenye pampu kuna mstari uliolowa pale kichwa cha chuma kinapoungana na mwili wa alumini, upande wa chini. Sehemu ya juu ya pampu, yaani kifuniko na mhimili wa leva ya mafuta, ni kavu kabisa, na mabomba ya nozeli yote ni makavu. Tatu, kwenye mpira unaoonyesha ndani niliona mapovu madogo yakija kutoka upande wa chujio. Nilipounganisha kidumu, gari liliwaka asubuhi vizuri kidogo kuliko kawaida, lakini si kama gari zima, na kile kiungio cha kichwa cha pampu kilikuwa kimelowa zaidi.

Ninaelewa sasa kwamba kasoro ni tatu. Nianze na ipi?

#8 – Fundi wa dizeli

Anza na zile zisizohitaji pampu kuguswa, kwa sababu huenda ukalala na gari lililo salama wakati unaandaa kazi kubwa.

Mipira ya kurudishia badilisha yote kwa wakati mmoja pamoja na kizibo cha mwisho. Ni ile midogo iliyofumwa nyuzi kwa nje, na kipenyo chake cha ndani kwa magari mengi ni milimita 3.2 au 3.5, pima kabla ya kununua, kwa kuwa tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama mpira utashika au utatoka. Usiivute mipira ya zamani kwa koleo, maana vidole vya nozeli hukatika. Ipasue kwa urefu kwa kisu kikali na itatoka yenyewe.

Kwenye chujio, tazama vitu vinne. Oringi au gasketi ya chujio yenyewe ikaguliwe, na uhakikishe kwamba ile ya zamani haikubaki imeganda juu ya kichwa, kwa kuwa gasketi mbili zikikutana huingiza hewa. Skrubu ya kutolea maji na kitambuzi cha maji kilicho chini vina oringi zao, ambazo husahaulika. Pampu ya mkono iliyo juu ina utando wa mpira na vali ndogo, na utando huo ukichoka hunyonya hewa bila kutoa tone. Mwisho ni ncha za mipira ya kuingilia na kutokea: kata sentimita moja au mbili iliyochakaa ikiwa urefu unaruhusu, au weka mpira mpya, na tumia klipu za mafuta zenye kingo laini badala ya zile zenye meno yanayokata mpira. Pale bomba la chuma linapopita kwenye vishikizi chini ya gari, toa kishikizi na uangalie nyuma yake. Kutu hupenda kujificha hapo.

Kabla ya kufungua kiungio chochote, futa nje yake hadi ing'ae, na uzibe kila tundu linalobaki wazi.

#9 – Fundi wa pampu

Kichwa cha pampu nitakieleza mimi.

Kilichoachia ni oringi kubwa inayozunguka kichwa cha usambazaji. Oringi yenyewe ni kitu kidogo, lakini iko mahali penye hatari, kwa sababu nyuma ya kichwa hicho kuna pistoni ya pampu, springi zake, washa za kupimia unene, na kola ya kudhibiti mafuta ambayo ndani yake huingia kitufe cha leva ya gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini. Kichwa kikivutwa nje vibaya, pistoni inaweza kuhama au washa ikaanguka. Hatari kubwa zaidi ni kitufe kutoka kwenye tundu la kola. Pampu iliyofungwa katika hali hiyo inaweza kutoa mafuta bila kizuizi, na injini ikapanda kasi yenyewe hata mguu ukiwa mbali na pedali.

Wapo wanaobadilisha oringi hii pampu ikiwa kwenye gari, kwa kukirudisha kichwa nyuma milimita chache tu kwa bolti ndefu za kuongozea. Kazi hiyo inawezekana kwa mikono iliyoizoea, ila simshauri anayefanya kwa mara ya kwanza. Itoe pampu, uisimamishe kwenye jiriwa kichwa kikiwa juu, ili uzito wa vipande vyenyewe uvishike mahali pake. Legeza bolti za kichwa kidogo kidogo kwa kupokezana, nyanyua kichwa kwa unyoofu, na uangalie kila kinachobaki chini kabla ya kukigusa. Osha mfereji wa oringi kwa dizeli safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, usiukwaruze kwa bisibisi, lainisha oringi mpya kwa dizeli, na ukirudishe kichwa bila kukizungusha. Ukifika hapo, badilisha pia gasketi ya kifuniko cha juu, oringi ya mhimili wa leva, na sili ya mbele ya shafti, maana ni za umri mmoja. Kabla ya kuitoa leva kwenye mhimili wake weka alama kwenye meno yake, kwa kuwa jino moja likipotea mpangilio wa mafuta hubadilika.

Sili ya mbele haionekani kwa urahisi, kwa hiyo ninaitaja kwa wasomaji wengine pia. Kwenye pampu inayoendeshwa kwa mkanda, sili hiyo ikivuja huulowesha mkanda, na mkanda uliolowa dizeli hauaminiki tena. Kwenye pampu inayoendeshwa kwa gia, dizeli huweza kuingia kwenye oili ya injini, na mwenye gari huona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka. Akiona hivyo na oili ikinuka dizeli, asiendelee kuliendesha gari, kwa sababu oili iliyopunguzwa uzito huua beringi.

Kabla ya kuitoa pampu, weka injini kwenye alama yake ya taimingi na uchore mstari mwembamba unaovuka flanji ya pampu na kishikizi chake. Mstari huo utakurudisha karibu na mahali pake, kisha taimingi ihakikishwe kwa geji ya saa kupitia tundu lililo katikati ya kichwa cha pampu, kwa kipimo cha mtengenezaji wa injini. Ikiwa fundi aliye karibu nawe hana geji hiyo, ni afadhali umpelekee pampu anayeifahamu.

#10 – Mchangiaji

Je, washa za shaba kwenye bolti zenye tundu zinaweza kutumika tena? Na hewa itatolewaje baada ya kazi yote hiyo?

#11 – Fundi wa pampu

Washa mpya ni bora. Zikikosekana, washa za shaba tupu zinaweza kulainishwa kwa kuzipasha moto hadi ziwe nyekundu kwa kufifia, kisha kuziacha zipoe au kuzitumbukiza kwenye maji. Kwa shaba njia zote mbili zinalainisha. Ondoa gamba jeusi kwa msasa laini uliowekwa juu ya kioo ili uso ubaki sawa. Washa za alumini na zile zenye mpira uliogandishwa ndani hazirudiwi. Ukiona mkwaruzo unaovuka uso wa bolti au wa kiungio kutoka ndani hadi nje, washa yoyote itashindwa hadi uso huo usawazishwe.

Kuhusu hewa, jaza chujio kwa pampu ya mkono huku skrubu ya kutolea hewa ikiwa wazi, hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha funga. Endelea kupampu hadi mkono ukutane na ugumu, ukiwa umelegeza bolti ya mstari wa kurudi kwenye pampu ili mwili wake ujae. Halafu legeza nati za nozeli kwa mzunguko mmoja, zifunike kwa kitambaa, na uzungushe stata kwa vipindi visivyozidi sekunde 15, ukiiachia ipumzike dakika moja kati ya kipindi na kipindi. Dizeli ikionekana kwenye nati, zifunge na uwashe. Mkono na uso vikae mbali na nati hizo wakati stata inazunguka. Kwa kuwa pampu ilifunguliwa, mtu wa pili asimame na ubao bapa karibu na mlango wa hewa, chujio la hewa likiwa limetolewa, ili aweze kuuziba injini ikipanda kasi bila kuamriwa. Kiganja kisitumike kwa kazi hiyo.

#12 – Mwanzisha uzi

Kazi imekamilika. Pampu ilifunguliwa na fundi anayezishughulikia, na oringi ya kichwa ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilivunjika vipande ilipoondolewa. Mipira ya kurudishia na utando wa pampu ya mkono vimebadilishwa, na mkanda wa taimingi pia. Gari linawaka asubuhi kwa kuguswa tu, na poda niliyoinyunyiza upya imebaki nyeupe baridi na moto. Je, kuna kitu kingine ambacho dizeli iliyomwagika muda wote huo ingeweza kukiharibu?

#13 – Fundi wa dizeli

Hongera, mkuu. Ndiyo, vipo. Kagua mauntingi za injini zilizo upande wa pampu, kwa sababu mpira wake huvimba na kuwa laini kama nta, na injini huanza kugonga unapobadilisha gia. Bonyeza mipira ya maji iliyopita chini ya pampu. Iliyolowa dizeli huwa na mabaka laini yanayoteleza, na hiyo ibadilishwe kabla haijapasuka njiani. Stata iliyodondokewa kwa muda mrefu ifunguliwe na kusafishwa, kwa kuwa dizeli huchanganyika na vumbi la brashi na kuwa tope. Klachi ikiteleza, tazama kama kuna dizeli iliyoingia kupitia tundu la chini la nyumba yake. Nati za nozeli na bolti za chujio zipitie tena kwa spana ya kupimia mkazo baada ya injini kupata moto na kupoa mara chache, injini ikiwa imezimwa.